Timu Tisa, Nchi Saba: Kazi ya Mchezaji Anayehama

Mhadhara uliotolewa Gitega na kurudiwa Muyinga mbele ya viongozi wa timu, walimu wa michezo, wazazi na wachezaji vijana

 

Nimepewa kazi ya kuzungumzia maisha ya mchezaji wa kulipwa. Nikitaja maneno hayo, najua picha inayowajia: jumba la kifahari, gari la rangi ya fedha, jezi yenye jina mgongoni inayouzwa mpaka sokoni. Wachezaji wa namna hiyo wapo, ila ni wachache sana. Leo nawaleteeni habari ya wale wengine, walio wengi: mchezaji anayesaini mwaka mmoja hapa, miaka miwili kule, anayefika katika mji asioujua akiwa na begi moja na viatu jozi mbili, anacheza, anaachwa, anatafuta pengine. Nina hoja moja tu: huo uhamaji ni kazi kamili, yenye ufundi wake na karatasi zake, na sisi wa huku bara ya Burundi tumekuwa tukiutazama kama aibu au bahati nasibu. Matokeo yake, tunawatoa watoto wetu mikono mitupu, na sisi wenyewe tunabaki mikono mitupu.

Nianze na mtu mnayemjua, Saidi Ntibazonkiza, Saido. Alizaliwa Bujumbura tarehe 1 Mei 1987. Aliibukia Vital'O, timu ambayo wazee humu hawataniruhusu niitaje bila kukumbusha kwamba mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikafungwa na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Kutoka hapo Saido akaenda Uholanzi, NEC ya Nijmegen. Mwaka 2010 akahamia Poland, Cracovia. Huko akaonja jambo ambalo nyota wa magazetini hawalionji: timu ilishuka daraja mwaka 2012, naye akacheza daraja la chini mpaka ikapanda tena mwaka uliofuata. Mwaka 2014 akaenda Uturuki, Akhisar Belediyespor. Mwaka 2016 akawa Ufaransa, Caen, ligi kuu. Baadaye Kazakhstan, Kaysar ya Kyzylorda, mji ulio kwenye nyika kavu, joto kali wakati wa kiangazi na baridi ya kuvunja mifupa wakati mwingine. Kisha nyumbani tena, Vital'O. Kisha Tanzania: Yanga, Geita Gold, Simba. Hesabuni hadi alipoondoka Simba mwaka 2024. Timu tisa, nchi saba.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Wamarekani wana mpira wao, ule wa kushika kwa mikono, wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa. Hatuuchezi Gitega wala Muyinga, na sidhani kama mtauanza wiki ijayo. Lakini nao wana watu wa aina ya Saido. Mmojawapo ni Ryan Fitzpatrick, aliyesoma uchumi Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2005 alichaguliwa na timu ya St. Louis akiwa wa 250, karibu na mkia kabisa wa orodha ya vijana wa mwaka ule. Akacheza misimu 17 kama mpiga pasi mkuu, yule anayeongoza mashambulizi, katika timu tisa. Tisa, sawasawa na Saido. Hakuwahi hata siku moja kucheza mechi ya mtoano wa ubingwa. Septemba 2021, katika mechi yake ya kwanza na timu ya tisa, ile ya Washington, aliumia nyonga, na mwaka 2022 akastaafu. Yupo mwingine, Josh Johnson, aliyesajiliwa na timu 14 za ligi hiyo hiyo, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia.

Kwa nini nawasumbua na Wamarekani? Kwa sababu ulinganisho wake unafundisha. Fitzpatrick alihama mara nane, na mara zote nane alibaki ndani ya nchi moja, ligi moja, lugha moja, na chini ya makubaliano mamoja kati ya wenye timu na chama cha wachezaji. Maisha ya ligi ile ni ya kikatili kwa namna yake. Timu inaweza kumtema mchezaji Jumanne, na timu nyingine ikauchukua mkataba wake Jumatano bila yeye kuulizwa kama anaupenda mji huo. Lakini mchezaji akishahesabiwa misimu mitatu, ana haki ya pensheni. Popote anapotupwa, haki hiyo inamfuata. Saido alihama mara nyingi vilevile, na kila mara alianza upya: sheria nyingine ya kazi, kodi nyingine, daktari mwingine, kocha anayefoka kwa lugha nyingine. Misimu ya Nijmegen haihesabiwi Kyzylorda.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia vijiweni, "Fulani kashindwa Ulaya, karudi kucheza bongo." Kashindwa nini? Mtu aliyeajiriwa na watu wa nchi saba, kila mmoja akiwa amemtazama kwanza na kukubali kumlipa, amefaulu mitihani saba. Mwalimu aliyefundisha katika shule tisa hatuiti kushindwa. Tunasema ana uzoefu.

Na tazameni Saido alivyorudi. Oktoba 2020 timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilicheza mechi ya kirafiki na Taifa Stars jijini Dar es Salaam. Burundi ilishinda 1-0, na bao lilikuwa la Saido. Mwezi huohuo Yanga ikamsajili. Alikuwa na miaka 33, umri ambao mawinga wengi wanaanza kufikiria duka la vifaa vya ujenzi. Mkataba wake na Yanga ulipoisha mwaka 2022, wengi walidhani ndiyo kwaheri. Akaenda Geita Gold. Mnaotoka Muyinga mnajua Geita si ng'ambo ya bahari: unavuka mpaka pale Kobero, unapita Ngara na Biharamulo, umekaribia. Mchezaji aliyewahi kupambana na timu za Paris na Marseille sasa anacheza katika mji wa machimbo ya dhahabu, na hakuonyesha kuona haya. Desemba 2022 Simba wakamchukua. Msimu wa 2022/23 ulipomalizika alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakagawana ufungaji bora. Katika wiki za mwisho, Simba ilipoifunga Polisi Tanzania 6-1, matano yalikuwa ya Saido peke yake. Miaka 36!

Mnaniuliza siri yake ni nini. Mimi si kocha, lakini nilimtazama sana, na nawaambieni nilichokiona. Hakuwa tena na mbio. Alikuwa na mguu wa mpira uliokufa: kona, faulo, penalti. Alijua kusimama mahali ambapo beki hapendi mtu asimame. Mbio huondoka na umri, bali faulo inapigwa kwa akili na mazoezi, na kila kocha wa kila nchi anamhitaji mtu wa kupiga faulo. Anayetaka kudumu katika kazi hii lazima awe na kitu kimoja ambacho mgeni asiyemjua anaweza kukiona ndani ya majaribio ya dakika 20.

Saido hayuko peke yake. Amissi Tambwe mnamkumbuka: mwaka 2013 Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame kule Darfur, yeye akiwa mfungaji bora, na Simba wakamdaka papo hapo. Msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 19, akawa mfungaji bora wa ligi. Simba wakamwacha! Desemba 2014 akavuka mtaa kwenda Yanga, na msimu wa 2015/16 akafunga 21, mfungaji bora tena, kwa jezi ya mahasimu. Baadaye akaenda Oman, Fanja, kisha akarudi Tanzania kuisaidia DTB kupanda ligi kuu, timu iliyobadilika jina ikaitwa Singida Big Stars. Cédric Amissi yeye njia yake ilipita Rwanda, Msumbiji na Ureno mpaka Saudi Arabia, akawa katika kikosi cha Al-Taawoun kilichotwaa Kombe la Mfalme mwaka 2019. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 23 Machi, ni yeye aliyefunga bao Bujumbura dhidi ya Gabon, sare ya 1-1 iliyotupeleka fainali za Afrika kwa mara ya kwanza na kumwacha Aubameyang, nyota wa Gabon, nyumbani. Siku ile nchi nzima ililala saa nane za usiku. Kule Misri tulipoteza mechi zote tatu, kwa Nigeria, Madagascar na Guinea, bila bao. Hilo halijafuta Machi 23.

Gaël Bigirimana ana kisa chake. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, familia yake ikaondoka kwa ajili ya vita, na mwaka 2004 akajikuta Coventry, Uingereza. Husimuliwa kwamba alitumwa dukani kununua maziwa, akapita kwenye uwanja wa mazoezi wa Coventry City, akaomba ajaribiwe, na waliposita akawakimbilia mpaka wakamkubali. Mwaka 2012 akauzwa Newcastle, ligi kuu, na bao akafunga. Kisha mambo yakapinda: mkopo Rangers ya Scotland, halafu tena Coventry, ambako Aprili 2017 alifunga bao kwenye fainali ya Wembley ya kombe la timu za madaraja ya chini, Coventry ikashinda 2-1. Halafu Motherwell, Hibernian, Solihull Moors, Glentoran ya Ireland Kaskazini, na Julai 2022 Yanga. Kijana aliyetumwa maziwa amecheza Wembley na amecheza Kariakoo. Mimi naona hayo ni maisha ya kutosha mtu mmoja.

Mtanikumbusha Saido Berahino, na mna haki. Huyo ndiye aliyekaribia kabisa ile picha ya jumba na gari. Alizaliwa Bujumbura, akampoteza baba vitani, akaondoka akiwa mtoto wa miaka kama kumi kumfuata mama yake Birmingham. Septemba 2013, akiwa na West Bromwich, alifunga bao la ushindi Old Trafford. Msimu wa 2014/15 alikuwa na mabao 14 ya ligi kuu ya Uingereza, na Novemba 2014 akaitwa kikosi cha wakubwa cha England, ingawa hakuchezeshwa. Tottenham wakamtaka, West Bromwich wakakataa kumuuza. Januari 2017 akaenda Stoke kwa pauni milioni 12. Ikapita muda wa siku 913 bila bao hata moja, kuanzia Februari 2016 mpaka Agosti 2018. Siku 913, ndugu zangu. Baada ya hapo naye akaingia njia ya kuhama: Ubelgiji, Uingereza tena, Kupro. Na ni kabla tu ya hiyo miaka ya kuhama, mambo yakiwa yamempinda, ndipo alipotufaa sisi: Septemba 2018 alifunga katika mechi yake ya kwanza na Burundi, kule Gabon, na mwaka uliofuata akawa nahodha wetu Misri. Nasema hivi ili mjue kwamba nyota na mhamaji si watu wa makabila mawili. Wakati mwingine ni mtu yuleyule, tofauti ni mwaka gani unamtazama.

Sasa nitamtaja mtu ambaye kumtaja kwake kunaniuma, Papy Faty. Kiungo, alizaliwa mwaka 1990. Alicheza Rwanda akiwa na APR, akapitia Uturuki kwa Trabzonspor, akakaa miaka kadhaa Afrika Kusini na Bidvest Wits. Alikuwa na tatizo la moyo lililojulikana, na alikwisha kushauriwa aache mpira. Hakuacha. Akaenda Eswatini, timu ya Malanti Chiefs. Tarehe 25 Aprili 2019, mwezi mmoja baada ya ile sare ya Gabon, alianguka uwanjani katika mechi dhidi ya Green Mamba, dakika za mwanzo tu, akafariki. Alikuwa na miaka 28.

Nimesikia watu wakimlaumu: kwa nini hakusikiliza madaktari? Swali hilo ni jepesi mno. Mchezaji wa miaka 26 anayeambiwa aache mpira anaambiwa aache mshahara pekee anaoujua. Je, alikuwa na cheti cha kazi nyingine? Je, kulikuwa na bima ya kumlipa akiwa amekaa? Katika nchi zenye vyama imara vya wachezaji, mtu aliyekatazwa na daktari ana mahali pa kubisha hodi. Mhamaji wetu anabisha kwenye timu inayofuata, na timu inayofuata, kama ni ndogo na haina kipimo cha moyo, inafungua mlango. Mzazi uliyeko hapa, mwanao anapoitwa majaribio ugenini, usiulize kwanza watampa kiasi gani. Uliza nani atampima moyo na nani atalipa akivunjika mguu.

Nimefika kwenye karatasi. Najua karatasi zinachosha, lakini vumilieni, kwa maana hapa ndipo fedha na machozi yetu yanapopotelea.

Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauwi mfupi kuliko mwisho wa msimu, wala mrefu kuliko miaka mitano. Aliye chini ya miaka 18 asifungwe zaidi ya miaka mitatu. Zinasema mkataba ukibakiza miezi sita, una ruhusa ya kuzungumza na kusaini na timu nyingine, na hakuna wa kukuita msaliti. Zinasema timu haiwezi kukusainisha kisha ikasema mkataba utaanza kufanya kazi ukifaulu vipimo au ukipata kibali cha kazi: vipimo na kibali ni mambo ya kumaliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Vijana wangapi wa Afrika Mashariki wamerudishwa nyumbani kwa kisingizio hicho wakaamini ni sheria!

Na mshahara usipolipwa? Miezi miwili ikipita, mchezaji anaiandikia timu barua ya madai na kuipa siku zisizopungua 15. Ikinyamaza, anaweza kuvunja mkataba kwa haki na kudai chake mbele ya chombo cha FIFA cha kusuluhisha migogoro. Sharti ni moja gumu: usichelewe. Dai lililopita miaka miwili halisikilizwi. Kijana aliyetegemea ahadi ya "subiri msimu ujao" mara mbili, amejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo, wewe unayeenda, mkataba wako utunze nakala tatu: moja kwako, moja kwa mzazi, moja kwenye simu. Ujumbe wa kiongozi anayekuahidi usiufute. Na kama wakala hana leseni ya FIFA, mwache aendelee kuuza mitumba.

Jambo la watoto nitalisema kwa ufupi maana ni wazi: mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wake kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuja Muyinga na orodha ya watoto wa miaka 15 akisema kuna akademia inawasubiri ng'ambo ya Kobero, mpelekeni kwa mkuu wa kituo cha polisi akaeleze vizuri zaidi.

Nyie viongozi wa timu sasa, nisikilizeni. Wengi wenu mmesikia kwamba mchezaji akiuzwa, timu zilizomlea hupata asilimia tano ya bei. Ni kweli. Fedha hiyo hugawanywa kwa miaka aliyolelewa tangu 12 hadi 23: miaka minne ya mwanzo robo asilimia kila mmoja, iliyobaki nusu asilimia kila mmoja. Mkasikia Berahino ameuzwa pauni milioni 12, mkaanza kupiga hesabu. Acheni. Aliondoka Burundi kabla ya kufika miaka 12, kwa hiyo fungu letu ni sifuri. Bigirimana hali kadhalika, vita vilimtoa mapema mno.

Na liko kubwa zaidi, ambalo husahauliwa. Ile asilimia tano ni asilimia ya bei ya kununuliwa. Mhamaji mara nyingi hanunuliwi. Huondoka akiwa mchezaji huru, mkataba wake umekwisha. Saido Ntibazonkiza alipotoka Yanga mkataba ulikuwa umemalizika. Asilimia tano ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo timu ya Gitega au Muyinga inayoota kutajirika siku kijana wake atakapouzwa inaota ndoto ya nyota mmoja kati ya maelfu.

Haki inayotuhusu sisi ni nyingine: fidia ya malezi. Hii hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na kila anapohama nchi kwa nchi akiwa bado hajapita umri wa miaka 23, hata kama hakuna aliyemnunua. Inapimwa kwa ngazi ya timu inayompokea. Kwa Afrika ngazi ya chini kabisa ni dola 2,000 kwa mwaka mmoja wa malezi, inayofuata ni dola 10,000. Kwa Ulaya ngazi ya chini ni yuro 10,000, na kileleni yuro 90,000. Kuna masharti: timu zilizo ngazi ya chini kabisa zimesamehewa kulipa, na miaka ya utotoni, 12 hadi 15, huhesabiwa kwa kiwango cha chini hata kama anayepokea ni timu kubwa. Lakini fikirini kijana aliyelelewa miaka mitano hapa kisha akapata timu ya kati ya Ubelgiji. Fedha hiyo ingenunua mipira, nyavu na nauli ya msimu mzima, na ingebaki.

Kwa nini haifiki? Si kwa sababu Wazungu wameila. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukusanya na kugawa malipo hayo, na inafanya kazi kwa kutazama pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, yaani historia ya timu alizosajiliwa tangu alipofika miaka 12. Historia hiyo inatoka kwenye usajili wa shirikisho la nchi. Mtoto ambaye hakusajiliwa hana historia. Alicheza kwenye uwanja wa Umuco miaka minne, mtaa mzima unamjua, mama ntilie anajua anakula mandazi mangapi, lakini kwenye mtambo hayupo. Kwa mtambo, mchezaji huyo alizaliwa siku aliyosaini Bujumbura, na fidia yote itakwenda Bujumbura. Nasema hivi nikiwa na heshima zote kwa ndugu zetu wa Bujumbura. Na mimi ningeipokea.

Miji hii miwili haiko sawa, na nisingependa kuizungumzia kana kwamba ni mmoja. Gitega ina uwanja wa Ingoma, ina Musongati, ina Flambeau du Centre iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 2022, na tangu 2019 ni makao makuu ya kisiasa. Ofisi ziko karibu. Mwenye timu Gitega akikosa kusajili watoto wake hana kisingizio cha umbali. Muyinga ni mji wa njia. Kiswahili kimekaa hapa tangu zamani pamoja na biashara na msikiti, mpaka wa Tanzania uko jirani, na kijana wa hapa akijua mpira, macho yake huenda mashariki kabla ya kwenda magharibi: Ngara, Bukoba kwa Kagera Sugar, Geita, Mwanza. Hiyo ni nafasi ambayo kijana wa Gitega hana. Anaingia ligi ya jirani akijua lugha ya kocha, ya chumba cha kubadilishia nguo na ya mkataba wenyewe. Saido Ntibazonkiza alisubiri mpaka miaka 33 kufika ugenini ambako angeweza kubishana na mwamuzi kwa lugha aliyokulia. Lakini Tanzania nayo siku hizi imeweka ukomo wa wageni 12 kwa timu, wanaotoka Ghana, Kongo, Côte d'Ivoire, Brazil. Mgeni hasajiliwi awe sawa na mwenyeji. Anasajiliwa amzidi, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kutolewa. Tambwe alitolewa akiwa mfungaji bora.

Vijana, swali mtakaloniuliza nikishuka jukwaani nalijua: je, twende? Nendeni, mkifika umri na mkiwa na mkataba mkononi. Malizeni shule kwanza, maana hata Fitzpatrick aliyecheza miaka 17 alikuwa na digrii mfukoni, na wengi wenu hamtacheza hata mitano. Jifunzeni kupiga faulo. Na msione haya kurudi.

Viongozi wa timu, ombi langu kwenu ni dogo na halihitaji mfadhili. Msimu huu, kabla ya mechi ya kwanza, andikeni kila mtoto aliyetimiza miaka 12: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa ya kweli bila kupunguza mwaka, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Orodha hiyo ipelekeni kwenye chama cha mkoa, daini isajiliwe kwenye mfumo wa shirikisho, na msiondoke ofisini bila risiti.